Jinsi ya Kuanguka Mikroekonomia kwa Heshima Zote

Karibu Goma, mdogo wangu. Umeshuka kwa pikipiki kutoka Nyabiondo, matope hadi magotini. Au unatoka Walikale, na kama ni enzi zile uwanja wa Goma ulikuwa unafanya kazi, ulipanda kandege pale Kilambo, ambapo lami ya barabara ndiyo ilikuwa uwanja: askari walisimamisha magari, ndege ikatua, ikapakia mawe ya kasiteriti, na wewe ukabanwa katikati ya magunia. Una begi moja, viazi, fromaji mbili zilizofungwa ndani ya kitenge, na barua ya kukubaliwa chuoni. Nyuma yako kuna ng'ombe aliyeuzwa. Ukoo ulikaa, ukaamua usome ekonomia, kwa sababu jina lenyewe lina harufu ya pesa. Na sasa kwenye ratiba, Jumanne asubuhi, pameandikwa: Mikroekonomia.

Usiogope. Wapo watakaojitia kukushauri, lakini hao walisoma somo hili mara moja tu, wakafaulu, wakalisahau. Mimi nimelisoma mara tatu. Nimekaa kiti cha mbele, cha katikati na cha nyuma. Nimewaona walimu wawili na maasistanti wanne wakichora mchoro uleule. Nifuate, na utaanguka bila mtu kukucheka.

Hatua ya kwanza: onekana

Mikroekonomia ni somo la macho kabla ya kuwa somo la akili. Nunua silabusi wiki ya kwanza. Kwetu silabusi ni somo zima la mwalimu, fotokopi nene iliyobanwa kwa pini, na ukichelewa kununua unaweza kukuta kuna orodha ya walionunua na jina lako halimo. Ukishaipata, ivalishe jalada la plastiki. Ibebe kwapani, jina la somo likitazama nje, hasa ukipita mbele ya wasichana wa sheria. Tafuta na kalkuleta yenye vitufe vingi. Hutavibonyeza, lakini mtu mwenye kalkuleta ya namna hiyo mfukoni haulizwi maswali ovyo.

Kisha jipe cheo. Mwenzako wa udaktari atasubiri miaka mingi kabla ya kuitwa daktari. Wewe ni Ekonomisti tangu Jumatatu. Watakupigia simu kutoka nyumbani wakuulize kwa nini dola imepanda. Jibu: "Ni mambo ya soko." Jibu hilo sijaona siku limekataliwa.

Hatua ya pili: ukurasa wa kwanza ndio somo

Fungua silabusi mara moja, pale mwanzo, ukariri ufafanuzi wa Mwingereza Lionel Robbins wa mwaka 1932, kwamba ekonomia ni elimu ya namna binadamu anavyochagua akiwa na malengo mengi na njia chache. Ukariri kwa Kifaransa, kwa pumzi moja, bila kusimama kwenye koma.

Usijiulize maana yake. Ukijiuliza, utamkumbuka baba amekaa mlangoni Septemba, watoto saba, pesa ya shule inayotosha wanne, anakuna kichwa. Utagundua kwamba ukurasa huu uliuelewa ukiwa na miaka minane. Ukifika hapo utaanza kulipenda somo, na mpango wetu wote umeharibika.

Badala yake okota majina na miaka. Adam Smith, 1776. Cournot, 1838. Jevons na Menger, wote wawili 1871. Walras, 1874. Marshall, 1890. Haya ni kama pilipili: hata mboga ikiwa haina kitu, mlaji atatoa jasho na kudhani amekula.

Huyo Walras, kwa taarifa yako, alikuwa Mfaransa aliyekosa kazi ya kufundisha kwao, akaipata Lausanne, Uswisi, mwaka 1870. Milima ya kijani, ng'ombe, jibini. Wageni wanapenda kuiita Masisi "Uswisi ya Afrika", na fromaji yetu wamisionari wa Kibelgiji ndio walioifundisha. Kwa hiyo bwana yule aliliwaza soko la dunia nzima akiwa mahali panapofanana na Mushaki, hukohuko Masisi, na sisi wenye Mushaki yetu tunamkariri yeye. Wazo lake lilikuwa kwamba bei zinapapasa gizani, zinapanda, zinashuka, mpaka wauzaji na wanunuzi wote watosheke. Wafuasi wake wakamwongezea mnadi mmoja wa kufikirika anayetaja bei kwa sauti, na hairuhusiwi kununua chochote mpaka apate bei ya kuwaridhisha wote. Mpeleke mnadi huyo soko la Kitchanga asubuhi. Saa nne hajapata bei, na nyanya zimekwisha.

Hatua ya tatu: chora msalaba

Hili ni la thamani, sogea karibu. Mtihani wowote wa mikroekonomia, swali lolote, ukikosa la kusema chora msalaba. Mstari mmoja unashuka kutoka kushoto, huo ni mahitaji. Mwingine unapanda, huo ni ugavi. Panapokutana weka nukta, andika "msawazo". Bei iwe kwenye mstari wa wima, wingi kwenye wa kulala. Mwanafunzi wa hesabu atakuambia mistari hiyo imegeuzwa, na ana haki, lakini Marshall alichora hivyo na dunia nzima ikamfuata. Nakuhakikishia pointi mbili kwa ishirini. Mimi nilizipata mara tatu, jumla sita.

Ili usipate zaidi ya hizo mbili, shika kosa moja na usiliachie: changanya kutembea juu ya mstari na kuhama kwa mstari wenyewe. Mwaka 2024, vita vilipofika Sake na barabara ya Masisi ikafungwa, viazi na maharagi vilipanda bei Goma. Mtu anayetaka kufaulu ataandika hivi: watu wa Goma hawakupunguza njaa, mstari wa mahitaji umekaa pale pale, ni ugavi uliohama kushoto, bei ikapanda, na watu wakanunua kidogo kwa kutembea juu ya mstari wao uleule. Wewe andika: "Bei imepanda, kwa hiyo mahitaji yamepungua, kwa hiyo bei itashuka." Inasikika vizuri sana. Nimeisikia hata redioni.

Na jihadhari usije ukaandika habari ya upande wa pili wa barabara. Siku zilezile Goma inalia bei ya viazi, huko juu mlimani mkulima alikuwa na viazi vinaota machipukizi ndani ya nyumba, anatafuta wa kumpa kwa bei ya kutupa. Bei imepanda chini, imeanguka juu, kiazi ni kilekile, na katikati kuna kilomita chache zisizopitika. Asistanti akiona umeandika hivyo ataweka kalamu mezani na kuuliza jina lako. Sisi hatutaki kuulizwa majina.

Hatua ya nne: usizungumze na mama yako

Hapa wengi wanaharibikiwa, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Likizo ya mwaka wangu wa kwanza nilirudi nyumbani na silabusi kwapani. Mama alikuwa anafanya kazi ya fromaji: ananunua kwa watengenezaji wa vilimani, anampa motari, zinashuka Goma kwa mama mwingine anayemuuzia. Nilimkuta amekaa chini, mbele yake fromaji arobaini, anazigeuza moja moja na kuzibonyeza kwa kidole gumba ubavuni. Inayobonyea inarudi kwenye rafu, haijakomaa. Nikamwambia, kwa sauti ya Ekonomisti, kwamba ananyonywa: ananunua dola 3, Goma zinauzwa dola 5, basi dola 2 zinaliwa na mtu.

Hakunyanyua kichwa. "Hesabu pamoja na mimi, mwanangu," akasema. "Arobaini kwa tatu?"

"Mia na ishirini."

"Motari ananiomba ishirini. Njiani kuna bariere, na kila bariere ina watu wake, na kila watu wana njaa yao. Weka kumi. Unafika ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Nne zitapondeka au zitaliwa. Nikimtuma motari mwaminifu, zitapondeka. Zinabaki?"

"Thelathini na sita. Kwa tano ni mia na themanini."

"Mama wa Goma anabaki na nusu dola kwa kila moja. Kumi na nane. Haya, nini yangu?"

Dola 12. Kwa siku tatu za kuzunguka vilimani. Nikanyamaza kidogo, kisha nikajitutumua: basi mama atume hamsini badala ya arobaini, faida iongezeke.

Hapo ndipo aliponitazama. "Hamsini, zile za chini zinabeba za juu, zinapasuka. Motari anaongeza bei kwa sababu mlima wa Mushaki unamshinda. Na mama wa Goma akipata hamsini anashusha bei ili azimalize kabla hazijakauka, maana fromaji ikikauka inapungua uzito. Zile kumi za mwisho zitanila mimi. Nilishajaribu. Ni arobaini."

Unaona hatari? Mama, ambaye shule aliiachia darasa la nne, alikuwa amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe akinieleza gharama ya pembezoni, yaani ya kila fromaji ya ziada, inavyopanda na pato la pembezoni linavyoshuka, na mahali zinapokutana pana namba: arobaini. Kwenye silabusi jambo hilo linachukua kurasa kumi na moja na herufi za Kigiriki. Ningemsikiliza vizuri jioni ile ningefaulu mwaka uleule.

Kwa bahati nzuri nilimwambia kwamba huo si utaratibu wa kisayansi, nikaenda kulala.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Ukiwa nyumbani, silabusi ibaki kwenye begi na wewe ubaki kimya. Usimuulize motari kwa nini siku ya mvua anadai mara mbili. Usimuulize mjomba kwa nini aliuza ndama wakati watu wote wanauza ndama. Watakufundisha bure, na kitu cha bure hakina jalada la plastiki.

Hatua ya tano: unyumbufu, haraka haraka

Unyumbufu ni kujua mnunuzi atakimbia kiasi gani bei ikipanda. Chumvi: hakimbii. Fromaji: anakimbia, anakula maharagi. Bia kule Bisie, Walikale, enzi zile mgodi ulikuwa wa wachimbaji wa mikono na kila kitu kinaingia msituni juu ya mgongo wa mtu: bei ilikuwa mara kadhaa ya ile ya mjini, na watu walikunywa. Kaa na huo mfano, lakini mtihani ukifika andika wa kahawa na chai, kama kila mtu.

Swali lililo ndugu ya unyumbufu ni: kodi inalipwa na nani? Mwaka 2017 watafiti walihesabu bariere barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, wakapata 798. Mwenye kunyoosha mkono na kutoa pesa ni motari. Lakini motari anaongeza kwenye nauli, mama anaongeza kwenye fromaji, na fromaji haiwezi kupanda sana kwa sababu mtu wa Goma atakula maharagi. Basi kinachobaki kinamrudia mama na yule mtengenezaji wa kilimani. Kwenye chumvi mambo yanageuka: kuipitisha kwenye kamba zote za bariere mpaka mlimani kunalipwa na mlaji wa kijijini, maana hana pa kukimbilia. Asiyeweza kukimbia ndiye anayelipa, haijalishi ni nani aliyesimamishwa kwenye kamba. Hili sikulielewa mpaka mwaka wangu wa tatu, na kwa makusudi nimekupa mapema ili ulisahau mapema.

Hatua ya sita: ushindani na ukiritimba

Ukiritimba una mfano rahisi mno, uuepuke. Mwishoni mwa mwaka 2000 dunia ilikuwa inagombania tantali ya kutengenezea simu na vyombo vya umeme, bei ya koltani, jiwe linalotoa tantali hiyo, ikaruka, watu wakaacha mashamba. Novemba mwaka huo waasi wa RCD, waliokuwa wanatawala Goma, wakatangaza kwamba koltani yote itatolewa nje na kampuni moja tu, SOMIGL. Mnunuzi mmoja, mlango mmoja. Mwaka 2001 bei ya dunia ikaanguka, wafanyabiashara wakapitisha mizigo yao kwingine, na ukiritimba ukafutwa hata mwaka haujatimia. Kila kitu cha sura ya tano kiko humo. Wewe andika kuhusu kampuni ya maji.

Ushindani kamili, silabusi inasema, ni wauzaji wengi, bidhaa ileile, na hakuna anayeweza kupandisha bei peke yake. Nenda soko la Virunga ukatazame akina mama wa nyanya wamekaa safu moja. Bei ni moja kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, ukijaribu kuipunguza wanakucheka kwa pamoja. Lakini tazama mkono baada ya kulipa. Mmoja anakuongezea nyanya moja ya matabishi, mwingine mbili, na yule wa pembeni, ambaye mahali pake hapapati wateja, anaongeza tatu na kukuuliza habari za mama yako kule Masisi. Bei haikusogea hata franka moja. Matabishi ndiyo yanayoshindana. Nilimwambia asistanti mmoja jambo hilo, akasema ni zuri, je, liko ukurasa wa ngapi? Nikaliacha.

Hatua ya saba: usipige hesabu ya kilichokupita

Kuna jamaa mlisoma naye sekondari, sasa yuko kwenye machimbo ya Rubaya, ana pikipiki mpya na anaitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kwa sababu ana shimo na vijana wanaomchimbia. Kila ukikaa oditwari kuna kitu unachokosa kupata kule, na hicho ndicho silabusi inakiita gharama ya fursa. Ukianza kuihesabu hutalala. Basi hesabu nusu tu: piga picha ya pikipiki yake moyoni, usipige picha ya shimo siku ya mvua.

Kuna na gharama iliyozama. Kile kilichokwisha kutumika na hakirudi, wanasema wenye elimu, kisiingie kwenye uamuzi wa leo. Maneno ya hekima. Nilijaribu kumweleza mjomba kwamba ng'ombe yule sasa ni gharama iliyozama na hatuhusu tena. Sikushauri ujaribu.

Hatua ya nane: usiku wa mwisho

Tengenezeni kundi la watu sita na silabusi moja. Umeme ukikatika, tumieni tochi ya simu ya yule mwenye chaji. Mmoja asome kwa sauti, wawili wabishane kuhusu mpira, mmoja apike viazi. Ifikapo saa sita mtakuwa mmemaliza viazi.

Kuna wanaopenda karatasi ndogo za kuficha. Mimi sina ugomvi nao, ila nakukumbusha kwamba kuandika fomula zote kwa herufi ndogo kama chawa kunachukua usiku kucha, na mtu akishamaliza kuandika hivyo anakuta amezishika kichwani. Nimeona vijana wawili wakifaulu kwa ajali ya namna hiyo. Kiganja cha mkono nacho hakifai: chumba cha mtihani kina joto la hofu, na nusu saa baadaye una mkono wa bluu na hakuna fomula.

Njia bora ni jirani. Mwaka wangu wa pili nilipatana na rafiki tukae pamoja. Yeye atasoma sura za mwanzo, mimi za mwisho, tutakopeana. Nyumbani nikawaza: kama yeye amesoma, mimi nitapata hata nisiposoma, kama hakusoma, kusoma kwangu kutamfaidi yeye. Nikalala. Yeye, alikuja kuniambia, aliwaza hivyohivyo, neno kwa neno. Tulikaa bega kwa bega saa tatu nzima tukitazamana karatasi nyeupe. Hali ya namna ile, ambayo kila mmoja ameshika uamuzi wake na hakuna anayefaidi kwa kubadili peke yake, Mmarekani John Nash aliiandika mwaka 1950. Sisi tuliifanya, na kila mmoja wetu alipata 4 kwa 20.

Hatua ya tisa: mbele ya karatasi

Anza na "Tangu kuumbwa kwa binadamu". Inakula mistari mitatu. Halafu msalaba, halafu Marshall, 1890. Ukikwama, andika yale maneno ya Kilatini, ceteris paribus, yaani mambo mengine yakibaki vilevile. Silabusi nzima imesimama juu ya kauli hiyo. Bei ya maharagi ikipanda na mambo mengine yakibaki vilevile. Kipato kikiongezeka na mambo mengine yakibaki vilevile.

Usithubutu kuuliza ni wapi yamebaki vilevile. Januari 2025 vita viliingia Goma, benki zikafunga milango, na pesa taslimu yenyewe ikageuka bidhaa: una pesa kwenye simu, unataka noti mkononi, wakala anakukata asilimia yake, na asilimia hiyo inapanda na kushuka kama bei ya viazi. Noti za franka zilizochakaa, tulizozoea kuzifunga kwa plasta na kuzipitisha, wauzaji wakaanza kuzikataa kama zamani walivyokuwa wanakataa dola yenye tundu la sindano. Noti iliyoandikwa 5,000 ikawa haina hakika ya kununua kitu cha 5,000. Mwanafunzi aliyepita sokoni mwezi ule na macho wazi alitoka na mikroekonomia ya miaka miwili. Mimi nilibaki nyumbani nikikariri kwamba mambo mengine yanabaki vilevile.

Na swali lililokuja katika jaribio langu la tatu, nalikumbuka lote, ni hili: "Fromaji inauzwa dola 3 Masisi na dola 5 Goma. Eleza tofauti hiyo." Pointi 10.

Niliandika kurasa nne. Kulikuwa na Robbins, Walras, Lausanne, mnadi, misalaba miwili. Asistanti alirudisha karatasi ikiwa na maneno mawili tu ya wino mwekundu, chini kabisa: "Na usafiri?"

Hatua ya kumi: baada ya matokeo

Usiseme umeanguka. Sema umefaulu masomo yote isipokuwa moja, na hilo moja linasubiri deliberasioni. Wakiuliza deliberasioni ni nini, wajibu ni mambo ya soko. Wakiuliza lini, waambie sesioni ya pili. Mjomba akitaja ng'ombe, mpe mama simu.

Mimi sesioni ya pili nakwenda na mpango mpya: nimempigia mama, ameniahidi nusu saa kwenye simu usiku wa kuamkia mtihani, akishamaliza kugeuza fromaji zake. Kwa hiyo silabusi yangu naiuza. Mwaka 1970 George Akerlof, Mmarekani, alieleza kwa nini mnunuzi wa gari lililotumika humwogopa muuzaji: muuzaji anajua ubovu usioonekana. Basi nakuwekea wazi. Kurasa kumi na tano za mwanzo zina mafuta ya samaki sambaza na jina la msichana wa sheria. Kuanzia ya kumi na sita bado zimegandana kama zilivyotoka kwenye fotokopi. Jalada la plastiki ni zima. Njoo na dola isiyo na tundu, na kama wewe ni mtu wa Masisi nitakuongezea kalkuleta ya matabishi.